Pole sana kwa usumbufu

Jirani yangu wa ploti alifiwa na mamake mwezi wa tano 2023, na jioni tukakutana pale chini kwa kompaundi kama kawaida ya watu wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi, viti vya plastiki, thermos tatu za chai, mtu wa kuandika michango kwa daftari. Zamu yangu ya kumsalimia ikafika. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwangalia machoni, nikamwambia, "Pole sana kwa usumbufu."

Nilijisikia nikiisema. Hata sauti ilikuwa ile ya kazini, ile unapandisha kidogo mwisho ndio mteja asikie kama unatabasamu. Yeye sidhani alisikia, mtu akifiwa anasikia nusu nusu, lakini dadake alikuwa kando yake na aliniangalia venye unaangalia mtu amecheka kanisani. Nikachukua kikombe changu nikaenda kukaa kwa ngazi, nikawa najaribu kuona aibu lakini aibu haiji. Hakuna kitu ilikuja. Nikamaliza chai mpaka majani ya chini, nikapanda juu nikalala na nguo.

Naandika hii juu kila saa naona watu wakiongea maneno ya banauti, ile kazi kukumaliza mpaka ndani, na wote wanaiongelea kama uchovu, ati lala, kunywa maji, zima simu wikendi. Kuchoka nakujua. Nimelelewa Machakos, maji tulikuwa tunachota mbali, najua mwili ukichoka unakaa aje, na najua ukilala unaamka sawa. Hii yangu nililala na haikuisha. Kiswahili chetu hata hakina neno moja la hiyo kitu, na ukisema umechomeka hapa Nairobi watu watadhani umeshikwa ukidanganya. Mamangu ndiye alipata neno la karibu. Nilipomsimulia kwa simu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, moyo wako umekufa ganzi."

Kazi yangu ni kol senta, nimefanya tangu 2018. Si ya kampuni yenye unajua jina, ni hizi kampuni zinapewa tenda ya kupokea simu za kampuni zingine, tuko floo moja huko upande wa Mombasa Road watu mia na kitu, kila mtu na hedseti yake na kikombe chake cha maji. Mteja akipiga anadhani anaongea na watu wake. Kumbe ni mimi, na kwa siku nilikuwa napokea simu 70, zikizidi sana 90, ya tokeni za stima, ya mkopo, ya pesa imetumwa namba si yenyewe. Kwa ukuta kuna skrini kubwa na majina yetu yote na rangi. Kijani uko sawa, manjano jichunge, nyekundu unaitwa. Zamani tagiti ilikuwa sekunde 300 kwa simu moja, 2022 ikashushwa ikawa 240 na hakuna mtu alituambia ni kwa nini, tuliingia tu Jumatatu tukakuta floo nzima imekuwa manjano. Choo nacho kina koodi, unabonyeza kwa kompyuta ndio utoke, na dakika za choo za shifti yote ni 8. Kulikuwa na dada mjamzito hapo kwetu, tukamfunza kubonyeza koodi ya mashine imeharibika. Mashine yake iliharibika miezi minne mfululizo na hakuna fundi alikuja kuiona.

Sasa hapa ndio nataka mtu anielewe vizuri, juu ndipo wengi hukosea. Kazi haikuwa imekuwa nyingi kushinda zamani. Kazi nyingi niliiona 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 mwezi wa tatu, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, nusu ya wenzetu wakabaki nyumbani na simu zikawa mara mbili. Wengine wetu tulilala kwa magodoro kwa ile chumba ya mikutano, juu ukitoka saa mbili usiku utapitia wapi. Watu walikuwa wanapiga wamefutwa kazi siku hiyo hiyo, mwanaume mzima analia ati mkopo wa 4,000 atalipa na nini, kuna siku nilipokea simu 110 na sauti ikaisha kabisa. Na nikikumbuka hiyo miezi, Mungu anisamehe, nakumbuka nikiwa sawa. Nilikuwa naamka na haraka ya kufika.

Supavaiza wetu wakati huo alikuwa mama mmoja wa Murang'a, mfupi, anatembea na viatu mkononi ofisini. Kafyu ilipoanza tu akazima ile skrini. Alitoa waya kwa ukuta, sikutunga, alitoa waya akasema hii miezi sitaki kuona rangi ya mtu, mteja akitaka kulia mwache alie, ukiona imekushinda inua mkono nichukue hiyo simu mimi. Na alikuwa anachukua. Ijumaa analeta githeri kwa ndoo ya rangi yenye ameosha mpaka jina limetoka. Kwa timu yetu ya watu 14 hakuna mtu aliacha kazi mwaka huo. 2022 yeye akaenda kampuni ingine, tukaletewa kijana mwingine awe timu lida, na skrini ikarudishiwa waya.

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa anasomea saikolojia Yunivasiti ya Nairobi, na alikuja kukaa kwangu siku kadhaa baada ya hiyo matanga juu alikuwa na mitihani na hosteli kelele ni nyingi. Tukiwa tunamenya viazi nikamwambia ile maneno ya pole sana kwa usumbufu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akaenda akatoa noti zake, karatasi zimekunjwa kona zote, akaanza kunisomea kama ananipima joto.

Ya kwanza yenye ilinishika ni ya jamaa mmoja Mmarekani anaitwa William Kahn, 1990. Huyu alienda kuangalia watu wa sehemu mbili hazifanani kabisa, walezi wa watoto kwa kambi ya likizo na wafanyakazi wa ofisi ya kuchora majengo, akitaka kujua ni lini mtu anaweka nafsi yake kwa kazi na ni lini anaitoa anabakisha mikono tu. Akapata mambo matatu. Mtu aone kazi ina maana. Awe salama kuonyesha alivyo bila kuogopa itamrudia. Na awe amebaki na nguvu za kutoa. Nikaacha kisu kwa sufuria. 2020 zile mbili za kwanza nilikuwa nazo, nguvu ndio sikuwa nazo, na nilikuwa sawa. 2023 nguvu ziko, shifti ni masaa nane, nalala kwangu kwa kitanda changu, na zile mbili za kwanza zilikuwa zimeenda na yule mama wa Murang'a na ndoo yake.

Ya pili ilinipiga hata zaidi. Mmoja wa watu wa kwanza kuandika juu ya banauti kama kitu ya kusomwa alikuwa daktari wa saikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, 1974. Aliiona kwa kliniki ya bure penye watu walikuwa wanajitolea, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, mchana kazi yake, usiku kliniki. Wenye aliona wanaisha si wale wavivu. Ni wale walikuja na moyo wote. Mtu hakuwahi kuwaka atazimika aje? Nilifikiria wale wenzetu tunawaita watalii, wenye waliingia kol senta kungojea kazi ingine na hawajawahi kujali mteja hata mmoja, na kweli wako sawa mpaka leo, wamenona.

Wacha nieleze hizo simu mbili juu bila hizo hakuna kitu nimesema.

Ya kwanza ni ya mwezi wa pili 2023. Nyanya mmoja, sauti ya mtu mzima sana, ametuma 3,400 ya karo ya mjukuu na amekosea tarakimu moja. Hajui kusoma vizuri, namba anaitamka moja moja na akifika katikati anasahau anaanza upya. Skripti inasema niulize namba ya kitambulisho, jina kamili, tarehe, kiasi. Nikaona huyu nikimharakisha atakata tamaa, nikamwambia cucu tulia, toa miwani, kaa kwa mwangaza, tusome pamoja. Ikachukua dakika 11. Tukapata, pesa haikuwa imetolewa, ikasimamishwa. Alinibariki kwa Kikuyu maneno mengi mpaka mimi Mkamba nikaelewa yote. Nikavua hedseti najisikia mtu. Kuinua macho, jina langu ni nyekundu. Kesho yake timu lida akaniita, akanichezea hiyo simu, na makosa yakawa matatu, muda, nilisema cucu badala ya mteja, na sikumaliza na ile laini ya je kuna jambo lingine ningependa kukusaidia. Alama 61. Bonasi ya mwezi huo, shilingi 3,000, ikaenda.

Ya pili ni ya mwezi wa nne. Mama mwingine, kosa karibu ni lile lile, dawa za mumewe, lakini huyu mwenye kupokea pesa alikuwa ameshaitoa. Ikishatolewa sisi hatuna la kufanya, unamwambia aende polisi aripoti. Akaanza kulia. Nikabonyeza mute, asinisikie, nikamenya ndizi. Nilikula ndizi yote nikimsikiliza akilia masikioni mwangu, pole pole, naangalia sekunde, ikifika 180 nikatoa mute nikasema pole sana kwa usumbufu mama, je kuna jambo lingine ningependa kukusaidia leo. Akasema hapana asante. Aliniambia asante! Simu ikaisha kwa sekunde 212, na ile wiki ikachaguliwa kukaguliwa. Alama 94. Timu lida akaicheza kwa mkutano wa asubuhi kama mfano, akasema sikieni venye ametulia.

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nini ilinimaliza sitasema simu nyingi. Kazi ilinifunza kidogo kidogo, kwa pesa na kwa rangi, kwamba ule upande wangu mzuri ni makosa. Mtoto wa shangazi alinionyesha kwa noti zake venye Christina Maslach wa Berkeley, huyu ndiye 1981 na mwenzake Susan Jackson walitoa yale maswali 22 ya kupima banauti, anasema ina sura tatu, kuishiwa nguvu, kuanza kuona watu kama vitu, na kuona hakuna kitu unafanya inafaa. Ile ya katikati ndio watu huficha. Sisi kwa floo tulikuwa na majina. Mteja wa kulia ni mvua, wa kuongea sana ni redio, wa kutukana ni kasisi, usiniulize kwa nini kasisi. Tukikutana kwa chai ni leo nimenyeshewa na mvua tatu. Tunacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli, sitadanganya, kilikuwa kinasaidia, lakini ulikuwa ukiangalia vizuri unaona wenye wanacheka sana ni wale wale walikuwa wanalia na wateja 2020.

Huyo huyo Maslach na mwenzake mwingine Michael Leiter walitaja mahali sita penye mtu hukosana na kazi yake. Wingi wa kazi, uhuru wa kuamua, shukrani na malipo, wenzako, haki, na yale mtu anaamini. Wingi wa kazi ni moja kati ya sita. Mabosi wote nimewahi kuona, wakisikia neno banauti, wanakimbilia hiyo moja, wanakupea siku mbili za kupumzika, ukirudi zile tano zimekungojea kwa kiti.

Haki nayo nitasema kidogo tu nisikasirike. Kuna siku mtambo ulilala kutoka saa nne mpaka saa saba, wateja wakangoja kwa laini, muda wa kila mtu ukaharibika, na mwisho wa mwezi timu mzima ikakosa bonasi kwa sababu ya hayo masaa matatu yenye hata mkurugenzi alijua si yetu. Tukaandika barua, watu 14 tukaweka sahihi. Jibu lilikuwa kwamba mfumo hauwezi kubadilishwa kwa mkono. Siku hiyo niliona watu watatu wakizimika mbele yangu kama taa, hawakugomba, hawakulia, walianza tu kufika saa mbili kamili na kutoka saa kumi kamili.

Hisia nazo ni kazi, hiyo sikuwa najua. Kuna mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliandika 1983 juu ya wahudumu wa ndege, venye wanalipwa kutabasamu na tabasamu linakuwa mali ya kampuni. Anasema kuna kuigiza kwa juu juu, uso unacheka roho imekunja ngumi, na kuna kuigiza kwa ndani, unajilazimisha uhisi kweli. Mimi nilikuwa nafanya ya ndani miaka minne, nikachoka nikahamia ya juu juu, na nikadhani ninajilinda. Shida ni kwamba pole ni pole moja. Hakuna pole ya kazini na pole ya nyumbani, sisi huku tunatumia neno moja kwa kila huruma, mtu amejikwaa ni pole, amefiwa ni pole, anaumwa na kichwa ni pole, na mimi nilikuwa naitumia mara 80 kwa siku bila kitu ndani, sasa siku ya matanga nilienda mfukoni nikapata ganda.

Kampuni nayo haikukaa bure, lazima niseme ukweli. Kila mwaka kuna fomu ya kuuliza kama tuna moyo na kazi, wanasema ni ya siri, kisha swali la kwanza ni uko timu gani, la pili umri, la tatu mwanamke au mwanaume, la nne miaka umefanya. Mwanamke wa zaidi ya miaka 30 mwenye amefanya miaka mitano kwa timu yetu ni mimi peke yangu, si ungeandika tu jina. Nikaweka 5 kila mahali. Tulipoulizana, kila mtu aliweka 5. Ofisi ikapata alama nzuri sana na tukaletewa keki. Tukapelekwa Naivasha kuvuta kamba na mtu wa maikrofoni akatuambia sisi ni familia, nikawa najiuliza ni familia gani unahesabiwa dakika za choo. Halafu kuna siku walileta mtaalamu wa kupumua. Alitusimamisha kwa makundi, fumba macho, vuta pumzi, shika, achilia, na juu ya kichwa chake ile skrini inaonyesha wateja 87 wako kwa laini. Timu lida alikuwa amefumba jicho moja.

Na kunyamaza kwetu usifikiri ni ujinga. Umoja nilikuwa nalipa 11,500 ya nyumba, ndugu yangu wa mwisho alikuwa fom tatu, na kila Jumatatu kwa risepsheni kuna vijana wana digrii wamekuja na bahasha za kaki. Ukianza kusema kazi inakuumiza, mtu wa kwanza kukunyamazisha ni wewe mwenyewe. Kazi ni kazi. Uko na bahati. Hata mtu anaona aibu kuchoka na kitu yenye wengine wanaiombea kwa kesha. Mimi naamini hiyo aibu ndiyo ilinichelewesha mwaka mzima.

Mwili ndio ulisema kwanza. Kichwa kila Jumapili jioni saa kumi na mbili, kama kengele, na tumbo linawaka. Nikaenda hospitali nikapimwa malaria hakuna, taifodi hakuna, daktari kijana akaniuliza unafanya kazi gani, nikamwambia, akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani 2019 waliiweka banauti kwa orodha yao lakini wakasema si ugonjwa, ni hali inatokana na kazi yenye presha yake haijashughulikiwa. Kwa hivyo kwa sikofu, ile barua ya ruhusa ya ugonjwa, hawezi kuiandika kama ugonjwa, akaandika vidonda vya tumbo, ambavyo kumbe pia nilikuwa navyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupea siku 7 za ugonjwa na mshahara wote na 7 zingine na nusu ukiwa na barua ya daktari, nilichukua 4 nikaogopa kuendelea. Tumbo lina sheria. Moyo uliokufa ganzi hauna fomu.

Likizo pia niliichukua mwishowe, zile siku 21 za sheria, baada ya kukataliwa mara tatu ati timu ni ndogo. Nikaenda Machakos. Wiki ya kwanza nililala tu. Ya pili nikaanza kuskia ladha ya chakula, mamangu alipika muthokoi nikarudia mara mbili akaanza kuimba jikoni. Ya tatu jirani akaja kulia shida zake na nikapata nimemshika mkono bila kufikiria. Nikajua imerudi. Nikarudi kazini Jumatatu niko mwepesi kama karatasi, na kufika Jumatano saa tano mchana nimebonyeza mute nikiangalia sekunde. Siku mbili na nusu! Hapo ndipo niliamini kweli si mimi nilikuwa nimeharibika.

Nikaomba nihamishwe bak ofisi, upande wa malalamiko sugu. Hakuna mtu hutaka huko, marupurupu ya usiku yanakatwa na kazi unaenda nayo kichwani mpaka nyumbani. Kila kesi ni yako kutoka mwanzo mpaka iishe, unapigia polisi, unapigia ajenti wa Kitale, unamrudia mteja mara nne, na hakuna skripti juu hakuna mtu amewahi kuandika skripti ya mambo yamekwama miezi mitatu. Natoka saa moja jioni siku zingine. Pesa imepungua karibu 6,000 kwa mwezi na hiyo inauma, nisikudanganye, nilihama kutoka sebule na chumba nikaingia bedsita. Lakini kuna mwanamke wa Kitui nilimfuatilia wiki saba, alipopata pesa yake akanipigia akakosa la kusema, tukawa tunapumua tu kwa simu watu wawili wazima. Nilitokwa na machozi kwa dawati langu, na nikafurahia sana hayo machozi, nikayaacha yakauke yenyewe.

Kwa jirani nilirudi. Ilinichukua miezi mitano. Nilibisha na kilo mbili za sukari, nikamwambia ile siku kuna kitu sikukuambia, pole ya mama. Akasema alikuwa anakumbuka nilisema kitu cha ajabu lakini alidhani ni yeye alikuwa haskii vizuri.

Yule timu lida nimekutana naye mwezi uliopita kwa matatu ya Jogoo Road, saa tatu usiku, kumbe anakaa Hamza miaka yote hiyo na hatujawahi kuonana nje. Amekonda. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi, nilikuwa nayo kichwani yamepangwa, lakini tukapita Stadi simu yake ikalia, akaangalia, akaizima, ikalia tena. Akaniambia ni wa juu yake, kila usiku mpaka saa tano anataka namba za siku, na yeye pia kuna skrini yenye jina lake iko mahali, tofauti ni kwamba hajawahi kuiona. Akaniambia ile simu ya ndizi alijua. Mashine yake huonyesha mtu akibonyeza mute. Alijua na akanipea 94, juu timu ilikuwa inahitaji kijani moja mwezi huo.

Nikaangalia nje. Makadara hapo jamu ilikuwa imeshika, jamaa wa smoki wanapita katikati ya magari na mitungi yao ya moto. Nikamwambia pole.

Akaniuliza, "Hiyo ni ya skripti ama ni yako?"

Nikamwambia ni yangu. Akaitikia na kichwa, akaweka simu mfukoni ikilia, na konda alipogonga bati akiita Hamza akashuka bila kungoja chenji yake.